Mtu Aliyeomba Mvua

La, hakuwa mwanasiasa. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya, na hata Shangazi mtu alichanganya hivyo hivyo. Mwanasiasa anataka kura yako. Huyu binti alitaka umwambie tu mambo yanavyokwenda mtaani kwako: mkutano ukiitwa nani anakuja, nani anasimama kusema, nani anakaa nyuma anang'ata kucha, na nani anamwogopa nani. Ndiyo kazi aliyosomea. Mtafiti. Anatafuta watu wanatawaliwaje, na wanaishije na hao wanaowatawala. Anauliza, anasikiliza, anaondoka zake. Mtaani walimpachika jina la Bi Maswali, na yeye akilisikia anacheka, na meno yake ya mbele yameachana kidogo, na ni hayo meno, nawaambia, yaliyommaliza Fundi.

Sasa kama hakuwa na ubaya, Fundi alikuwa anaogopa nini siku anampeleka kwao? Haya, nakuja huko, msinikimbize.

Fundi alikuwa anatengeneza redio na simu. Kibanda kimejaa nyaya, bisibisi na magamba ya redio zilizokwisha kufa. Siku moja akaja huyu binti na kinasa sauti kimegoma. Fundi akakifungua, akasafisha, akachomelea waya mwembamba kama unywele, akafunga. Sasa fundi akishamaliza lazima ajaribu, na kujaribu kinasa sauti ni kubonyeza usikilize kilichomo. Hata hafikirii, kidole kinakwenda chenyewe. Kidole kikawa kinakwenda, akainua macho, akamwona binti kasimama pale hapumui.

"Mna siri za watu humo," akasema yule binti, taratibu.

Fundi akaondoa kidole. Akabonyeza pa kurekodi, akakohoa, akajisikiliza anavyokohoa.

"Kimepona," akasema. "Aliyebaki mgonjwa ni mimi."

Binti akacheka, yale meno yakaonekana, na kazi ikaisha. Kile kikohozi hakukifuta, mpaka leo anacho.

Wakapendana. Wakawa wanakunywa chai pamoja nyuma ya kibanda. Mpaka siku Fundi anamwambia, "Baba yangu ndiye Mwenyekiti wa mtaa huu." Mtafiti kijiko kikamponyoka, kikagonga sakafu, akainama kukiokota na akakawia huko chini kama aliyepoteza na pete. Alipoinuka akasema tu, "Ndiye huyo?" Fundi akadhani kaogopa kwa sababu Mwenyekiti kila mtu alikuwa anamwogopa. Mtu mrefu, sauti kama ngoma, mkutanoni anashika kengele na akiigonga hata watoto wachanga wanaacha kulia. Fundi mwenyewe, mtu mzima na ndevu, akisikia viatu vya baba yake ukumbini alikuwa anakaa vizuri.

Basi juma lile, ile kazi ya Mtafiti ikasomwa redioni. Hapakuwa na jina la mtu wala la mtaa, ila ilisemwa ni viongozi wa mitaa ya upande wetu. Mengine yalipita watu wanapiga miayo. Mpaka mtangazaji akafika mahali pamoja, akaanza kucheka mwenyewe. Kiongozi mmoja, akasema, amekiri hivi: "Siku ya mkutano naamka naangalia mawingu. Naomba mvua inyeshe watu wasije. Wakinitazama wote kwa pamoja, magoti yanalegea."

Mtaa ulivunjika mbavu. Nani kaomba mvua? Likawa ndilo neno. Na watu bwana, hawataki kukaa na swali bila jibu, wakalichukua jibu wakambandika Katibu. Katibu wa mtaa alikuwa kinyozi, mtu mpole, anaongea kama anaomba radhi. Wakaanza kupita kwenye kibanda chake cha kunyolea wamefungua miamvuli juani. Mtu anakaa kwenye kiti, shingo kafungwa kitambaa, anauliza, "Katibu, na leo vipi, itanyesha?" Katibu akaanza kufunga mapema. Mwisho hakufungua kabisa.

Na Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Nyumbani halali, hali, anazunguka sebuleni. "Yule msichana alikuja kwangu nikamfukuza," akawa anasema. "Wengine wakampokea, wakajimwaga. Nitamjua ni nani." Kisha akasikia kwamba msichana mwenyewe ndiye mkwe mtarajiwa. Kesho yake akamwambia Fundi, "Mlete. Mlete aje ale mchana, kabla ya mkutano wa alasiri."

Ndiyo maana Fundi alikuwa anaogopa.

Wakafika getini, Fundi akasimama. Akamtazama Mtafiti. Binti kavaa gauni la bluu, kajifunga kitambaa kichwani, na kamba ya mkoba kaishika kama mtu anayevuka daraja bovu.

"Umependeza," akasema Fundi.

"Naona giza," akasema Mtafiti. "Twende kabla sijageuka."

Mama Fundi akawapokea mlangoni, mikono ina harufu ya kitunguu, akamkumbatia binti kama anayemjua. Shangazi alikuwa kakaa kwenye kochi, dada wa Mwenyekiti huyo, mwanamke mnene mwenye macho ya kupima.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Kwa hiyo wewe ndiye mwenye siasa."

"Si siasa, Shangazi. Nafanya utafiti."

"Unatafuta nini?"

"Namna watu wanavyoongozwa."

"Ungeniuliza mimi nikwambie bure," akasema Shangazi. "Wanaongozwa vibaya. Kaa."

Hata Fundi akatabasamu. Lakini tabasamu likakauka, maana viatu vilishasikika ukumbini. Mwenyekiti akaingia. Akasimama, akamtazama Mtafiti, na Mtafiti akamtazama yeye, na Fundi akaona kitu ambacho hakukielewa. Baba yake ndiye aliyetangulia kushusha macho. Akadhani ni hasira, hasira ile ya mtu kushindwa hata kumtazama anayemchukia. 

Mwenyekiti hakukaa. Akaenda dirishani, akasogeza pazia kidogo, akatazama nje, akarudi.

"Binti," akasema, "mimi sina maneno mengi."

"Ndiyo, Mzee."

"Mwanangu anakutaka, na mama yake kakupenda hata hajakuona. Mimi nataka kitu kimoja. Nitajie aliyeomba mvua."

Chungu kilikuwa kinatokota jikoni.

"Nitajie jina. Ukinitajia, mwanangu huyu hapa, nakukabidhi leo leo mbele ya mama yake na shangazi yake. Usiponitajia utakula kama mgeni yeyote anavyokula, na ukitoka hapo mlangoni usirudi."

"Baba," Fundi akaanza.

"Nimekuuliza wewe?"

 Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi, akamtazama mumewe, kisha akasema kwa ile sauti ya mtu anayeziba kidonda, "Mzee, mwache mtoto akanawe mikono kwanza. Chakula kinakaribia. Fundi, mwonyeshe bomba."

Bomba lilikuwa uani, chini ya kamba ya nguo. Fundi akalifungua, maji yakatoka, hakuna aliyenawa.

"Mtaje," akasema Fundi.

Mtafiti akageuka. "Umesema nini?"

"Nimesema mtaje. Mtu mmoja tu. Atachekwa, atazoea, watu watasahau. Sisi je? Umemsikia baba. Huyo akishasema hivyo harudi nyuma, mimi namjua."

"Niliwaahidi."

"Uliwaahidi kabla hujanijua mimi."

"Ndiyo, na wao walinieleza kabla sijakujua wewe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtu anakaa na wewe, anakwambia jambo ambalo hata mke wake hajui. Anakwambia kwa kuwa umesema halitatoka. Sasa mimi nilitoe kwa ajili ya harusi?"

"Basi fanya hivi. Usimtaje. Sema tu kwamba si Katibu. Yule kinyozi wa watu anakufa na aibu, hata huruma huna?"

Hapo Mtafiti macho yakamjaa. "Unafikiri silali kwa nini? Nikisema si Katibu, kesho utaniuliza na fulani je. Nitasema si huyo. Keshokutwa na yule. Viongozi wenyewe wangapi hapa mtaani? Nikiwatoa mmoja mmoja, anayebaki ndiye nimemtaja. Kwenye kazi yetu hata kukataa tu ni kutaja."

"Hata mimi huniambii?"

"Hata wewe."

Fundi akacheka, kicheko cha uchungu. "Kwa hiyo mtu huyo unampenda kuliko mimi."

Mtafiti akafunga bomba. Akachukua mkono wa Fundi, akauweka juu ya mkono wake. Mkono wa binti ulikuwa wa baridi kama chuma cha asubuhi.

"Unaona? Naogopa. Lakini hujui ninachoogopa. Siogopi baba yako kunifukuza. Naogopa nitataja. Nimekaa pale kwenye kochi, jina limenifika hapa kooni, kwa sababu yako. Nakupenda mpaka najiogopa. Siku ile kibandani ulikuwa na kidole juu ya sauti za watu, na ukakohoa badala ya kusikiliza. Nilikupenda pale pale. Sasa wewe ndiye unaniambia nibonyeze?"

 Fundi alimtazama yule binti, kope zina maji, kidevu kinatetemeka lakini hakishuki, na akajiona mdogo. Akaogopa vilevile, maana alijua sasa kwamba hatamtaja. Na kama hatamtaja, hii ndiyo mara ya mwisho anashika mkono huu kwenye ua wa kwao.

"Basi," akasema. "Usitaje. Tutajua huko mbele."

"Hutanichukia?"

"Nitaanza kesho. Leo siwezi."

Wakarudi ndani, mikono mikavu. Mwenyekiti alikuwa dirishani tena, pazia mkononi. Akalishusha haraka.

"Haya, binti."

Mtafiti hakukaa. Akasimama katikati ya sebule, akabana mkoba kifuani. "Mzee, nisamehe. Sitamtaja. Chakula cha Mama nitakula, nitamshukuru, na nitakwenda zangu. Lakini sitamtaja."

Shangazi akavuta pumzi kwa meno. "Mwali gani huyu, anajibu kama askari."

Fundi alikuwa anamtazama baba yake usoni, anangojea ngurumo. Ngurumo haikuja. Mwenyekiti alikuwa anapepesa macho.

"Akija mkubwa kutoka huko juu," akasema polepole, "akakulazimisha?"

"Sitamtaja."

"Na mwanangu akikubembeleza?"

"Ameshanibembeleza, Mzee. Sasa hivi, bombani."

Fundi akatamani sakafu ifunguke. Mwenyekiti hata hakumtazama.

"Na siku mkigombana? Mko ndani ya nyumba yenu, kakuudhi, una hasira, unataka kumuumiza pale panapouma. Hutasema?"

"Hata siku hiyo."

Sasa Fundi akashtuka. Swali lile lilimgonga vibaya. Yeye na mkewe wakigombana, jina la Katibu litamuuma yeye wapi? Akamtazama baba yake, zile nyusi nene, ile mikono inayogonga kengele, na akaona vidole vinacheza juu ya pazia. Kitu kikaanza kumpanda taratibu kutoka miguuni, kama maji ya baridi.

Kabla hakijafika kichwani, mlango ukabishwa. Alikuwa Katibu. Kasimama kizingitini na suruali iliyopigwa pasi vizuri, kakonda, na mkononi ana mfuko.

"Samahani, nimewakatisha," akasema. "Sikai. Mwenyekiti, huu hapa mhuri na funguo za ofisi. Mkutano wa leo fungua wewe na wengine. Mimi siwezi tena kusimama mbele ya watu wanaonifungulia miamvuli." Akajaribu kucheka, ikatoka kikohozi. "Mke wangu jana kaniuliza, hivi kweli si wewe? Mke wangu mwenyewe."

Mtafiti akafumba macho. Midomo yake ilifunguka, Fundi akaiona, ikafunguka na kufunga, na machozi yakashuka, lakini sauti haikutoka. Hakuna aliyempiga mtu pale, ila ungedhani anapigwa.

Mwenyekiti alimwona. Alimtazama binti kwa muda mrefu, kisha akamtazama Katibu na mfuko wake.

"Kaa," akamwambia Katibu.

"Nimesema sikai."

"Kaa, bwana. Rudisha huo mhuri mfukoni. Ni mimi."

"Ni wewe nini?" akauliza Shangazi.

"Niliyeomba mvua."

Mwiko ukamwanguka Mama. Hakuna aliyeuokota.

"Nilisema nilimfukuza," akasema Mwenyekiti, na ile sauti kama ngoma ilikuwa imelegea, ya mzee yeyote wa kawaida. "Sikumfukuza. Nilikaa naye ofisini mpaka chai ikapoa. Alianza kuuliza mambo ya vikao, taka, taa za barabarani, mwishowe akaniuliza, na wewe Mzee, wewe unamwogopa nani? Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Ikanitoka. Naogopa watu. Ndiyo maana nagonga kengele kwa nguvu, nisisikie moyo. Halafu nikasikia redioni wanacheka, na nikasikia ndiye anayeingia nyumbani kwangu. Nikasema kwisha. Huyu atamwambia mwanangu, mwanangu atanitazama vipi?"

"Kwa hiyo ulipomtaka ataje jina," akasema Fundi polepole.

"Nilikuwa nataka kujua kama atataja."

"Na mimi uliniacha nichekwe," akasema Katibu.

"Nilikuacha. Niliogopa. Kila nikisema leo nitasema, nafika mlangoni nashindwa."

Katibu akatazama chini. Harufu ya kuungua ikatoka jikoni, na wala hakuna aliyethubutu kwenda. "Mwenyekiti," akasema mwisho, "nimekunyoa kichwa hiki miaka na miaka. Wembe shingoni, hukuwahi kutetemeka."

"Wewe nilikuwa sikuogopi."

Katibu akacheka kidogo. Haikuwa furaha, ila kilikuwa kicheko. Akaweka mfuko chini. Akakaa.

Mama ndiye aliyefuata. "Mzee, miaka yote hii ukiamka unatazama mawingu. Mimi nilikuwa nasema, mume huyu ananijali, anaangalia nguo zangu za kwenye kamba."

"Na nguo pia," akasema Mwenyekiti.

Shangazi akamgeukia Mtafiti, maana mwanamke yule hawezi kuacha jambo lipite hivi hivi. "Haya, wewe Bi Maswali, sasa kasema mwenyewe. Ni kweli? Ni yeye?"

Mtafiti akapangusa uso kwa kitambaa chake. "Mimi sijui, Shangazi. Sitaji mtu."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Shangazi akamtazama juu mpaka chini, kile kipimo chake cha macho. Kisha akasogea kwenye kochi, akapiga kiganja pale palipobaki wazi. "Njoo ukae karibu yangu. Nina mambo ya marehemu mume wangu, nataka kukwambia."

Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake, na baba yake alikuwa anamtazama yeye, wote wawili wanaogopa, na nadhani ni mara ya kwanza wakajuana. Fundi akaenda, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, kama ule wa bombani.

"Alasiri nitakuwa pembeni yako," akasema.

"Nitawaambia," akasema Mwenyekiti. "Nitasimama niwaambie si Katibu, ni mimi. Wakifungua miamvuli na wafungue. Magoti haya siyaamini, lakini nitasema. Mama, chakula kinaungua."

Ndipo wakakimbilia jikoni. Wali ulishika chini, wa juu ulikuwa mzima. Mtafiti akabeba bakuli la mchuzi, Katibu akapewa kazi ya maji ya kunawa, Shangazi akatoa amri bila kuinuka. Fundi alipopishana na Mtafiti mlangoni akakohoa, kile kikohozi cha kibandani, na binti akatabasamu meno yakaonekana, macho bado mekundu.

Mezani Mwenyekiti alikuwa na kiti chake, kile kinachotazama dirisha. Hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Mwenyekiti akakivuta nyuma, akamwashiria Mtafiti.

"Kaa hapo, mwanangu."

Mtafiti akamtazama Mama. Mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akakaa. Mwenyekiti akazunguka meza, akaketi upande wa pili, dirisha akalipa mgongo. Huko nje jua lilikuwa linawaka, hata wingu la kufunika sahani hakuna, na yeye hakugeuka kutazama.

"Pakueni," akasema, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo juu ya meza, na safari hii hakuificha. Katibu akazungusha maji, wakanawa, wakakaa wote, wakaanza kula.